Ndimu si Limau: Dawa ya Kiseyeye Ilivyopatikana, Ikapotea, Ikapatikana Tena

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Nitaanza na nyama ya kopo. Mwaka 1902 meli ya Uingereza iitwayo Discovery, iliyoongozwa na Robert Falcon Scott, ilikuwa imeganda ndani ya barafu ya McMurdo, Antaktika. Kila kopo la nyama lilipofunguliwa, daktari wa msafara, Reginald Koettlitz, alilikagua na kulinusa. Lenye harufu ya kutilia shaka lilitupwa. Kazi hiyo ilikuwa ya kuwakinga watu na kiseyeye, kwa sababu madaktari wengi wakubwa wa Uingereza waliamini wakati huo kwamba kiseyeye huletwa na sumu ya nyama iliyoanza kuharibika. Kiseyeye kikaingia hivyohivyo. Mwezi Septemba watu walirudi kutoka safari ya sleji wakiwa na fizi zilizovimba na miguu yenye madoa meusi.

Sasa tazameni miaka. Jeshi la Wanamaji la nchi hiyohiyo lilikuwa limeanza kuwapa mabaharia wake maji ya limau mwaka 1795. Hospitali ya Haslar, karibu na Portsmouth, ilipokea wagonjwa 1,457 wa kiseyeye mwaka 1780. Mwaka 1806 ilipokea 2. Kwa hiyo dawa ilikuwapo, ilikuwa imefanya kazi mbele ya macho ya watu, imeandikwa vitabuni, na miaka 100 baadaye wajukuu wa watu hao walikuwa wananusa makopo.

Tumezoea kusimuliwa kwamba maarifa yakishapatikana, yamepatikana. Historia ya kiseyeye haikubaliani na hilo hata kidogo. Dawa hii iligunduliwa mara nyingi na kupotea karibu kila mara, na aghalabu walioipoteza walikuwa watu makini, wasomi, wenye nia njema. Mara ya mwisho ilipotea kwa sababu ya kuchanganya matunda mawili ambayo sisi nasi huyachanganya sokoni: ndimu na limau.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Mbuzi, mbwa, panya na wanyama wengine wengi hujitengenezea vitamini C mwilini. Binadamu hawezi, kwa kuwa kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya kazi hiyo hakifanyi kazi kwetu. Wenzetu katika upungufu huo ni nyani na tumbili, popo wengi, na simbilisi. Mkumbukeni simbilisi, atarudi. Mwili wa mtu mzima mwenye afya huwa na akiba ya gramu moja na nusu hivi. Akiba hiyo ikishuka chini ya miligramu 300, dalili zinaanza, na kwa baharia aliyekula biskuti kavu na nyama ya chumvi hilo lilitokea baada ya miezi miwili au mitatu.

Vitamini C ndiyo inayouwezesha mwili kusuka kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia ngozi, fizi, mishipa midogo ya damu na mifupa. Nyuzi zikikosekana, mtu anafumuka. Fizi zinavimba hadi kufunika meno, damu inavuja chini ya ngozi, meno yanalegea, na makovu ya zamani yanafunguka, kwa maana hata kovu la miaka mingi mwili huendelea kulishona kila siku. Katika safari ya George Anson, nahodha wa Uingereza, kuizunguka dunia, iliyoanza 1740 na kuua zaidi ya watu 1,000 kwa maradhi, alikuwapo mzee aliyejeruhiwa katika vita vya Boyne huko Ireland mwaka 1690. Jeraha lake la miaka 50 lilifunguka tena, na mfupa wake uliokwisha kuunga ukaachana.

Sehemu ya kisa hiki ilitokea kwenye pwani yetu. Mwanzoni mwa 1498 Vasco da Gama alitia nanga katika mto mmoja wa Msumbiji, na shajara ya safari inasema watu wengi waliugua: mikono na miguu imevimba, fizi zimeota juu ya meno hata hawawezi kula. Mwezi Aprili wakafika Mombasa. Sultani akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mwandishi wa shajara akaandika kwamba kwa rehema ya Mungu wagonjwa wote walipona katika mji huo, kwa sababu hewa yake ni nzuri sana. Machungwa ameyataja, uponyaji ameutaja, na sifa ameipa hewa.

Kutoka Malindi walivuka hadi pwani ya India kwa siku 23, wakiwa na rubani anayeijua bahari hiyo na upepo ukiwa nyuma yao. Kurudi wakaondoka India tarehe 5 Oktoba, kaskazi ikiwa bado haijaanza. Nahodha yeyote wa majahazi angewaambia wasubiri. Walikaa baharini karibu miezi mitatu, watu 30 wakafa, na kila meli ikabaki na watu saba au wanane wenye nguvu ya kushika kamba. Walipofika Malindi Januari 1499, da Gama alimtuma mtu pwani akalete machungwa, maana wagonjwa waliyatamani sana. Kwa wengi yalichelewa. Muda mfupi baadaye, karibu na Mtangata upande wa Tanga, waliichoma moto meli yao wenyewe, São Rafael.  Kilichokosekana ni watu wa kuiendesha.

Wagonjwa waliyadai machungwa, kwa hiyo mabaharia wa kawaida walijua. Lakini ujuzi wa baharia haukuwa ujuzi wa daktari, na mara nyingi ulikufa pamoja naye.

Kanada ilikuwa hivyohivyo. Majira ya baridi ya 1535 kuingia 1536, watu 25 kati ya 110 wa Mfaransa Jacques Cartier walikufa mahali palipo leo Quebec. Mwenyeji wao, Domagaya, aliwaonyesha mti ulioitwa annedda: chemsha majani na gome, kunywa maji yake, makapi yabandike miguuni. Walimaliza mti mzima kwa muda wa siku nane hivi, wakapona. Wafaransa waliporudi kukaa upande huo mwaka 1604, kwenye kisiwa cha Sainte-Croix, 35 kati ya 79 walikufa kwa kiseyeye. Watu wa kijiji cha Domagaya walikuwa wameshatoweka, na Wafaransa walipouliza habari za annedda, hakuna aliyelitambua jina hilo.

Mwingereza James Lancaster naye, mwaka 1601, aliondoka na meli nne kwenda Mashariki. Katika meli yake aliwapa watu vijiko vitatu vya maji ya limau kila asubuhi kabla ya kula. Walipofika Rasi ya Tumaini Jema, mabaharia wake ndio waliolazimika kwenda kutia nanga na kushusha matanga ya zile meli nyingine tatu, kwa kuwa waliokuwamo hawakuweza kusimama. Ushahidi mkubwa namna hiyo, na bado haukuwa sheria kwa miaka mingine 190.

Sasa nifike kwa James Lind. Wengi mmesoma kwamba mganga huyu Mskoti aligundua dawa ya kiseyeye mwaka 1747. Nataka tumtazame kwa makini, maana ukweli wake unafundisha kuliko sifa zake.

Tarehe 20 Mei 1747, ndani ya meli Salisbury, Lind alichukua wagonjwa 12 waliolingana kadiri alivyoweza kuwalinganisha. Aliwalaza mahali pamoja na kuwapa chakula kimoja: uji wenye sukari asubuhi, mchuzi wa kondoo mchana, shayiri na zabibu kavu jioni. Kisha akawagawa wawili wawili. Wawili wa kwanza walipewa kinywaji cha matufaha yaliyochachushwa, lita moja hivi kwa siku. Wengine matone 25 ya asidi ya salfuriki iliyochanganywa na pombe na viungo, mara tatu kwa siku. Wengine siki, vijiko viwili mara tatu. Wawili waliokuwa hoi kuliko wote walinyweshwa maji ya bahari, robo lita kila siku. Wengine machungwa mawili na limau moja. Wa mwisho walipewa dawa ya kusagwa ya kitunguu saumu, mbegu za haradali na manemane, kiasi cha kungumanga, pamoja na maji ya shayiri yaliyotiwa ukwaju.

Matunda yaliisha siku ya sita. Lakini mmoja wa waliokula alikuwa karibu tayari kurudi kazini, na mwenzake akapewa kazi ya kuwauguza waliobaki. Waliofuata kwa nafuu, kwa mbali, ni wale wa matufaha.

Ni jaribio safi, na heshima yake anastahili. Ila Lind mwenyewe hakuliona kama sisi tunavyoliona. Kitabu chake cha 1753 kina kurasa zaidi ya 400, na jaribio hili limechukua chache tu. Nadharia yake ilikuwa kwamba unyevu wa melini huziba matundu ya ngozi, jasho likabaki mwilini na kuoza. Matunda kwake yalikuwa njia moja nzuri ya kuyazibua.

Halafu akafanya kosa ambalo naliona zito kuliko yote. Matunda huoza melini, kwa hiyo akatafuta njia ya kuyahifadhi. Mapishi yake ni haya: kamua machungwa au malimau, acha maji yatulie, yachuje, yamimine kwenye bakuli la udongo lililong'arishwa, pana juu kuliko chini. Liweke bakuli ndani ya sufuria ya maji, juu ya moto, maji yakikaribia kuchemka, uyaache saa nyingi mpaka yawe mazito kama mafuta, na yakipoa yawe kama sharubati. Aliahidi kwamba nguvu ya matunda 144 itaingia katika chupa moja ya lita na kudumu miaka. Joto la muda mrefu pamoja na hewa juu ya bakuli pana ndivyo viuavyo vitamini C. Kilichobaki chupani kilikuwa na ladha ya limau, ukali wa limau na harufu ya limau, na dawa yenyewe sehemu kubwa imekwisha kuharibika. Lind alijaribu matunda mabichi. Ile sharubati hakuijaribu kwa mgonjwa yeyote kwa njia ile ya jozi jozi kabla ya kuitangaza.

Ndiyo maana nahodha James Cook, aliyebeba sharubati hiyo katika safari zake kuanzia 1768, alisema haina faida kubwa. Hakukosea, sharubati ile ilikuwa dhaifu kweli. Cook alipunguza kiseyeye kwa kufika nchi kavu mara kwa mara, kulazimisha usafi, kuchuma mboga za porini kila alipotia nanga, na kubeba kabichi iliyochachushwa. Lakini sifa aliipa pia kimea, shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, inayochemshwa na maji kuwa kinywaji. Wakubwa wa London waliipenda nadharia ya kimea, na kimea ni rahisi. Cook akapewa nishani ya sayansi iitwayo Copley mwaka 1776, mabaharia wa kawaida wakapewa kimea, na wakaendelea kufa katika vita vya Marekani. Vitabu vingi vya shule humtaja Cook kama mshindi wa kiseyeye. Kwa maoni yangu jina lake liliichelewesha dawa karibu miaka 20.

Aliyemaliza kazi ni Gilbert Blane, daktari mwenye ukaribu na wakubwa. Mwaka 1794 meli Suffolk ilisafiri kwenda Madras zaidi ya wiki 20 bila kugusa nchi kavu, kila mtu akipata theluthi mbili za wakia ya maji ya limau ndani ya ramu yake ya kila siku. Waliopata dalili wakaongezewa kipimo, wakapona. Mwaka uliofuata amri ikatoka. Kipimo kilichokuja kuwa cha kawaida kilikuwa robo tatu ya wakia, yaani mililita 21 hivi. Kati ya 1795 na 1814 Jeshi la Wanamaji liligawa galoni milioni 1.6.

Tupige hesabu hapa. Mililita 100 za maji ya limau bichi zina miligramu 50 hivi za vitamini C. Mililita 21 zina kama miligramu 10. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu waliojitolea huko Sheffield walilishwa chakula kisicho na vitamini hiyo ili ijulikane kiasi kidogo kabisa kinachozuia kiseyeye. Jibu lilikuwa miligramu 10 kwa siku. Kipimo cha Blane kilikaa ukingoni kabisa. Ukikipunguza nguvu kidogo tu, umeanguka.

Na kilipunguzwa. Malimau ya Blane yalitoka nchi za Mediterania, Sicilia hasa. Katika miaka ya 1860 wakubwa wakahamia ndimu za visiwa vya Karibi, zilizolimwa katika makoloni yao wenyewe. Kwa Kiingereza cha karne ile jina la ndimu na la limau yalitumika ovyo, hili kwa lile, hata katika nyaraka rasmi, kwa hiyo kwenye karatasi hakuna kilichobadilika. Tena ndimu ni kali zaidi, na madaktari waliamini kinachoponya ni ule uchachu, basi wakadhani wamepata dawa bora. Ndimu ile mbichi ilikuwa na robo hivi ya nguvu ya limau. Iliyokamuliwa, ikapita kwenye mabomba ya shaba, ikakaa mapipani miezi, ilikuwa na karibu sifuri. Shaba huharakisha kuharibika kwa vitamini C, ndiyo maana hata nyumbani si busara kukamulia ndimu katika chombo cha shaba.

Hakuna aliyegundua, kwa kuwa wakati huohuo meli za mvuke ziliingia. Safari ya miezi ikawa ya wiki, mabaharia wakawa wanakula viazi na mboga bandari kwa bandari. Watu walikunywa maji ya ndimu na hawakuugua, wakaamini ndimu ndiyo inayowalinda. Siku ya kupimwa ikafika mwaka 1876, George Nares alipopeleka sleji kuelekea Ncha ya Kaskazini. Watu walianguka kwa kiseyeye, wakavutwa na wenzao wagonjwa. Kamati ya uchunguzi ya 1877 ililaumu kwamba sleji hazikubeba maji ya ndimu, ingawa baadhi ya walioanguka walikuwa wakiyanywa melini majira yote ya baridi.

Ushahidi ukazidi kuvuruga akili. Kati ya 1894 na 1897 msafara mmoja wa Kiingereza ulikaa visiwa vya Franz Josef, kaskazini mwa Urusi. Waliobaki melini walikula nyama ya kopo na kunywa maji ya ndimu kila siku, wakaugua. Walioishi nchi kavu walikula dubu aliyewindwa siku hizo, bila ndimu, wakawa wazima. Daktari wa msafara huo alikuwa Koettlitz, yuleyule wa makopo. Jiwekeni mahali pake. Ameona kwa macho yake ndimu ikishindwa na nyama bichi ikishinda. Hitimisho kwamba tatizo ni nyama mbovu ya kopo lilikuwa la mtu anayeheshimu alichokiona. Wengine humcheka, mimi siwezi. Nyama bichi kweli ina vitamini C kidogo, na nyama ya sili ndiyo iliyowaponya watu wa Discovery.

Aliyeutoa uzi ni simbilisi. Mwaka 1907 huko Kristiania, mji tunaouita leo Oslo, Axel Holst na Theodor Frølich walikuwa wakichunguza beriberi, ugonjwa mwingine wa upungufu wa chakula, uliowapata mabaharia. Njiwa hawakuwafaa, wakalisha simbilisi nafaka tupu. Simbilisi wakapata kiseyeye. Wangechagua panya, wasingeona kitu, kwa kuwa panya hujitengenezea dawa. Kuanzia hapo chakula chochote kingeweza kupimwa ndani ya wiki chache.

Mwaka 1918, katika Taasisi ya Lister mjini London, Harriette Chick na wenzake waliipima ndimu dhidi ya limau kwa simbilisi, na ile robo ikaonekana. Alice Henderson Smith wa taasisi hiyo akafanya kazi ambayo maabara haiwezi: alirudi kwenye nyaraka za zamani na kuonyesha kwamba kile kilichoitwa kwa jina la ndimu enzi za Blane kilikuwa limau la Mediterania. Mkanganyiko wa miaka 50 ulifunguliwa na mtu aliyesoma hati za manunuzi. Vitamini yenyewe ilitambuliwa mwaka 1932, na Albert Szent-Györgyi, aliyeivuna kwa wingi kutoka pilipili hoho nyekundu za mji wa Szeged huko Hungaria, akapata tuzo ya Nobel 1937.

Limebaki jambo moja la kundi la Chick. Vita Kuu ya Kwanza iliwaacha askari wa Uingereza waliokuwa Mesopotamia, Iraki ya leo, bila matunda. Mjini Kut, wakati wa mazingiwa ya 1916, kiseyeye kiliwaandama hasa askari Wahindi ambao wengi wao hawakula nyama ya farasi. Ushauri wa London ulikuwa wa dengu na kunde. Mbegu kavu haina vitamini C ya kuhesabika, lakini ikianza kuota huitengeneza yenyewe. Lowekeni mbegu nzima zenye ganda, siku moja usiku na mchana. Mwageni maji, zitandazeni zikiwa nyevu na zikipata hewa, siku moja mpaka mbili, hadi kichipukizi kitokeze. Zipikwe haraka na ziliwe mara moja. Zikichemshwa muda mrefu au zikikaushwa tena, kazi yote imepotea. Na kimea cha Cook ni shayiri iliyolowekwa, ikaota, ikajaa kitu kilekile mabaharia walichokifia, kisha ikaingizwa kwenye tanuri kukaushwa kabla ya kupakiwa melini.